Maswali Ishirini Aliyoyaacha Wazi

Hallunda, Stockholm
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Dafrosa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa nyumba ya Mwanga. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia huwezi kuinama kuchota maji kwenye pipa, na tangu siku ile sijatulia. Tafadhali usibebe ndoo, vijana wapo hapo nyumbani. Na dawa ya presha, unaimeza kila siku au unasubiri kichwa kiume kwanza? Nakujua wewe.

Mimi mwili ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalonisumbua kwenye ngazi. Kazi ni ile ile ya kuhudumia wazee. Baridi imekwisha, miti imechanua, na watu wa hapa wanalala kwenye nyasi wakiota jua kama mihogo. Dagaa ulizonitumia zilifika salama. Nilizila wiki mbili, na jirani wa ghorofa ya juu akaja kuuliza kama bomba limeharibika.

Utashangaa kwa nini naandika kwa mkono wakati simu ipo. Simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na haya ninayotaka kusema si ya kusikika kwa spika sebuleni. Anselmo, mwalimu wa kwaya yetu ambaye kwao ni Kigoma, anasafiri Alhamisi. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Soma ukiwa peke yako, dada, na ninakuomba ufike mwisho kabla ya kukasirika.

Ni habari za mtoto wa Désiré. Yule wa Uchina.

Najua tulikubaliana nini. Ndugu yetu alipofariki kule Guangzhou miaka minne iliyopita, ulisema yule mtoto na mama yake wasitajwe tena katika nyumba anayoishi Olive, mke wake wa ndoa, aliyemngoja miaka kumi na mitano na kumlea Félix bila mume. Ulisema Félix amekosa baba tangu ana miaka mitatu, asije akakosa na heshima ya baba. Nilikuahidi, na kwa Olive na Félix sijafungua mdomo mpaka leo.

Lakini sikukata mawasiliano na yule mtoto. Nimekuficha hilo muda wote huu, na naomba unisamehe.

Shuleni anaitwa Xiaohe. Baba yake alimpa jina la kwetu pia. Alimwita Mwamini, jina la mama yetu. Sikukwambia kwa sababu niliogopa litakuliza, nami siko karibu nikushike mkono.

Mwezi wa tisa mwaka jana mama yake aliniandikia. Yeye hajui lugha yetu yoyote, mimi sijui yake, tunaandikiana kwa msaada wa simu inayotafsiri. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, na Mwamini yuko bweni, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwezi wa sita mwaka huu atafanya ule mtihani mkubwa wa kuingia chuo kikuu, wanauita gaokao. Nchi nzima wanaufanya siku zile zile, na kwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani ndio mlango wenyewe. Masomo mengine anayaweza. Kinachomwangusha ni Kiingereza, na hasa ufahamu. Wanapewa habari fupi fupi kusoma, kisha maswali ishirini, na kila swali lina majibu ya kuchagua. Alikuwa anakosa zaidi ya nusu.

Mama yake akaniuliza: wewe uko Ulaya, bila shaka Kiingereza unakijua, unaweza kusoma na mtoto siku za Jumapili?

Dada, Kiingereza changu unakijua. Nina Kibembe, nina Kiswahili, nina Kifaransa cha shule ya msingi, na Kiswidi cha kumwambia mzee ageuke nimpake mafuta upande wa pili. Nikajibu ndiyo, ninakijua.

Sijui nikueleze vipi kwa nini nilidanganya. Mungu hakunijalia mtoto, na baada ya ndoa yangu kuvunjika nyumba hii ina kiti kimoja kinachokaliwa. Mtu akaniomba nimsaidie mtoto wa kaka yangu. Ningejibu hapana, angetafuta mtu mwingine, na mimi ningebaki na kiti changu.

Basi nikamwendea Swabrah. Ni Mganda, anaishi Spånga, tunafanya kazi pamoja, na kwao Masaka alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuja huku kuosha wazee kama mimi. Kila Alhamisi mama Mwamini alinitumia picha za zile habari. Ijumaa, wakati wa mapumziko, Swabrah alinielezea kwa Kiswahili chake kilichojaa Kiganda, neno kwa neno, nami naandika kwa penseli. Jumamosi nakariri. Jumapili naketi mezani, saa tatu asubuhi wakati wa baridi na saa nne sasa hivi, ambapo kwao jioni inaanza. Wanafunzi wananyang'anywa simu wiki nzima na kurudishiwa Jumapili kwa saa chache tu. Katika saa hizo chache, moja alinipa mimi.

Nikuambie anafananaje? Ana nywele nzito za kwetu ambazo shule imemlazimisha kuzikata fupi, na sauti ndogo. Nilimfundisha kuniita shangazi. Analitamka kama jina la mji wa kwao.

Mara nyingi yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Jumapili moja tulisoma habari ya mzee aliyeuza baiskeli yake. Swali likauliza kwa nini aliiuza. Mimi nikasema ni kwa sababu alitaka kumsomesha binti yake, maana binti alitajwa mwanzoni na mimi nilishampenda yule mzee. Mwamini akacheka mpaka akaziba mdomo. "Shangazi, aliiuza kwa sababu ya magoti. Imeandikwa hapa. Mwalimu wetu anasema jibu lazima liwe kwenye habari. Usitoe jibu moyoni mwako." Maneno yale aliyasema polepole, kwa Kiingereza cha kunihurumia, nami nikayaelewa yote bila Swabrah.

Na alipanda, dada. Krismasi alipata kumi na moja kati ya ishirini. Mwezi wa tatu akapata kumi na sita. Mama yake alinitumia picha ya karatasi, na mimi nikaionyesha kwa wazee wote wa kazini, hata wale wasiokumbuka majina yao wenyewe.

Sasa nafika kwenye ubaya.

Mwezi wa pili tulisoma habari ya baba aliyefanya kazi melini na kuwaandikia watoto wake barua. Tulipomaliza maswali hakugeuza ukurasa. Akaniuliza, "Shangazi, baba yangu alikuwa na watoto wengine?"

Niliifikiria ahadi yangu kwako. Nikasema, "Hapana."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaendelea na habari ya nyuki.

Ukutani kwangu, juu ya meza, ipo picha ya Félix ya kumaliza kidato cha sita, ile mliyonitumia amevaa joho. Kila Jumapili kabla ya kupiga simu nilikuwa naitoa na kuiweka kwenye droo ya vijiko. Miezi saba sikusahau. Jumapili ya Matawi nilitoka kazini asubuhi, nimechoka, treni ikachelewa pale Liljeholmen, nikaingia ndani simu ikiwa tayari inaita. Nikaketi na koti mwilini nikapokea. Tulikuwa katikati ya habari ya pili nikaona haniangalii mimi. Anaangalia juu ya kichwa changu.

"Shangazi, yule ni nani?"

Nilijua bila kugeuka. "Ni mtoto wa jirani," nikasema.

Unaijua sura ya Félix. Paji lile, na sikio la kulia lililojikunja juu kama la Désiré. Mwamini analo hilo hilo sikio. Alinyoosha kidole akaligusa la kwake, taratibu. Kisha akasema, "Jibu hilo haliko kwenye habari, Shangazi." Akakata simu.

Jumapili ya Pasaka hakupiga. Iliyofuata hakupiga. Nilikaa mezani tangu saa mbili mpaka saa nane mchana, Jumapili nne mfululizo, na karatasi zangu za penseli mbele yangu. Nilimwandikia mama yake kila siku. Alijibu kwamba mtoto ni mzima, anakula, haongei.

Mwanzoni mwa mwezi huu mama yake akanitumia picha ya mtihani wa majaribio, wa mwisho kabla ya ule wenyewe. Ukurasa wa ufahamu ulikuwa mweupe. Maswali ishirini, hajajibu hata moja. Mwalimu alimpigia mama kiwandani, wakamtoa kwenye mashine mbele ya wenzake. Akaniandikia, nami nayanakili kama simu ilivyotafsiri: "Umemfanya nini mtoto wangu? Kwa maisha yake yote nina karata hii moja."

Dada, sina nguvu. Kazini nilimpa mzee mmoja chakula cha mwenzake mwenye kisukari, na kama Swabrah asingekiona ningeua mtu. Msimamizi alinirudisha nyumbani siku mbili. Nilizikaa kitandani nikitazama ukuta pale palipokuwa na picha, maana nilikuwa nimeiondoa, kisha nikairudisha, kisha nikaiondoa tena, kama mwenda wazimu. Nikisali, maneno hayatoki. Nitaomba nini, kwamba uongo wangu ukae vizuri?

Nilikwenda kwa Swabrah Spånga nikamweleza kila kitu, maana hata yeye nilikuwa nimemwambia ni mtoto wa rafiki. Hakunibembeleza. Alinipa chai akasema, "Madeleine, huyo mtoto anasoma habari za watu wasiokuwepo kila siku, na za kwake hakuna anayempa. Mimi kwenye hili siwezi kukuandikia majibu."

Jana simu iliita. Saa nne kamili.

Hakuwa na kitabu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni, naona nguo zimeanikwa nyuma yake. Hakunisalimu.

"Kaka yangu anaitwa nani?"

"Félix."

Akalirudia jina mara mbili, mpaka likakaa sawa. "Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Anasomea ualimu."

"Anajua jina langu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwona anavyoningoja, macho hayapepesi, nikajua nikimdanganya mara ya tatu sitamwona tena mpaka naingia kaburini.

"Hajui kama upo," nikasema.

Aliinamisha kichwa kwenye magoti. Nilidhani atakata. Wasichana wawili walipita wakashuka ngazi, akawapisha, kisha akaniangalia. Alisema polepole, kama alivyonizoesha, ili nielewe.

"Tangu Jumapili ya kwanza nilijua Kiingereza hujui. Sikukasirika. Nilikuwa napiga kwa sababu unacheka kama baba. Lakini kwa hili nimekasirika sana."

Nikamwomba msamaha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu kile cha Kiingereza kiliniishia. Nikamuuliza kuhusu ule ukurasa mweupe. Akasema hakuwa mgonjwa, na habari zote alizielewa. Ila kila swali lilikuwa linauliza tunaweza kujua nini kuhusu mtu huyu, na yeye amechoka kujua watu kwa kubahatisha.

"Tarehe saba utafanya mtihani?" nikamuuliza.

"Sijui."

Hakutaka kunitisha, dada. Ni kweli hajui. Kabla ya kuzima simu alisema hivi: "Mwambie. Asije, asinitumie kitu. Ajue tu."

Kwa hiyo naandika.

Ninakuomba umwambie Félix. Anselmo atafika kwako Jumapili hii ya tarehe 25. Jumapili inayofuata, tarehe 1 Juni, ndiyo ya mwisho Mwamini kupewa simu kabla ya mtihani. Atanipigia saa nne ya huku, ambayo kwenu ni saa tano asubuhi. Nataka Félix awe kwenye simu yangu nyingine saa hiyo. Kiingereza cha shule anacho. Aseme jina lake, alitaje na la Mwamini, hata akinyamaza baada ya hapo inatosha.

Utaniambia habari ya Olive. Sikiliza hili, nalo nimelibeba tangu Krismasi. Olive alinipigia kunitakia heri, tukaongea habari za mvua na kanisa, kisha bila kubadilisha sauti akauliza, "Yule wa Uchina ni wa kike au wa kiume?" Nikajifanya mtandao mbaya. Hakurudia. Anajua, dada, na labda anajua siku nyingi kuliko mimi. Tunamficha nani basi? Tumebaki tunamficha kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili ambaye kesho kutwa atasimama mbele ya darasa la watoto wa watu.

Na jambo la pili, maana najua kinachokuuma zaidi. Ulisema yule mwanamke alimchoma ndugu yetu kama takataka. Nilimuuliza hilo mwaka juzi. Ilikuwa wakati wa corona, dada, hospitali haikumpa nafasi ya kusema chochote. Alipanga foleni siku mbili apewe majivu tu. Na hajayazika. Yako kwa wazazi wake kijijini, kwenye sanduku, amelifunika kwa kitambaa, anangoja mtu wa kwetu aje aseme ndugu yetu anazikwaje. Miaka minne anangoja, na hakuna aliyemuuliza, maana sisi tulikuwa tumekasirika.

Sijawahi kukupinga. Tulipokimbia Fizi ulinibeba mgongoni siku tatu, nami nilikuwa na miguu yangu mwenyewe ya kutembelea. Kila kitu ulichoniambia tangu siku ile nimekifanya, hata kuolewa. Lakini hili sitaliweza. Ikifika Jumamosi ya tarehe 31 sijasikia kutoka kwako, nitampigia Olive mwenyewe, kwa heshima, na nitamjibu swali lake la Krismasi. Kisha nitamwomba anipe Félix. Ukinitenga kwa ajili ya hilo nitaumia kuliko ninavyoweza kuandika, na nitalifanya hivyo hivyo.

Ukiweza kunijibu kabla ya hapo, nijibu hata kwa neno moja. Sina wa kumuuliza kama nimekosea njia.

Nisalimie shemeji, mwambie vile viatu alivyoniomba anavyo Anselmo. Msalimie Mama Ludovic wa jirani, na Olive, mwambie namkumbuka sana na nina deni la mazungumzo kwake. Mungu akuwekee mkono mgongoni mwako, dada, na akupe usingizi hata baada ya kusoma haya.

Na Félix msalimie kwa namna yake. Mwambie salamu hizi ni za watu wawili, za shangazi yake Madeleine, na za mdogo wake Mwamini.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda na ambaye leo anakuogopa,

Madeleine